Msuko wa Kubebea Mtu

Walinijia Wete, alasiri ya Jumatano,
wale wa sarakasi waliopiga hema uwanja wa skuli,
wakauliza nani hapa mkono wake mzito.
Jirani akaninyooshea kidole bila kufikiri.
Miaka arubaini nasuka: maharusi, wajane waliotoka eda,
watoto wanaolia kabla sijawagusa,
na vichwa vikiadimika, nasuka ukindu.
Lakini msuko wa kubebea mtu
sijawahi kuombwa.

Jina lake Mize, binti Shaame wa Kangagani.
Akakalia kibao cha mbuzi, akavua mtandio,
nikaona utosini kipara cha ukubwa wa shilingi.
"Hapo zilikatikia Tanga," akasema,
kama mtu anayeonyesha alipoangusha ufunguo.

Nikazilowesha kwa maji matupu.
Mafuta yanateleza, alisema, na miye sina pa kutelezea.
Nikagawa mafungu manane, nikatia uzi wa pamba,
nikapitisha pete ya chuma, baridi, nene kama kidole gumba,
nikavuta kama ninavyomvuta binti yangu.
"Kaza, mama."
Nikakaza.
"Kaza. Ukinihurumia utaniua."

Sijui wewe ungefanyaje.
Mie niliweka goti mgongoni mwake
nikavuta mpaka nyusi zikapanda,
mpaka macho yakawa ya mtu mwingine.
Hakupiga ukelele. Alihesabu misumari ya bati.

Nikamwambia, nywele ni sitara, mwanangu, watasema.
Akatoa mkobani kofia ya kitambaa cheusi,
kaishona mwenyewe, ina tundu moja tu, la kutokea pete.
"Hawatoona unywele," akasema. "Wataona uzito."

Usiku, jenereta linakohoa, watu hadi juu ya ukuta.
Mbarouk akavuta kamba ya roda,
pete ikalia kwenye ndoano,
miguu ikaacha mkeka.
Wenzangu walitazama vikuku, vazi la manjano, mikono.
Mie nilitazama fundo.
Kila alipozunguka niliyasikia mafungu yangu manane,
moja moja, yakiniita kwa jina.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndivyo tunavyosema.
Basi na wapande wao, wakaupime usufi ule.

Huko juu akarushiwa kikombe, akapandishiwa dele kwa kamba.
Akamimina kahawa, akanywa taratibu
kama bwana wa barazani asiyedaiwa na mtu,
akamimina tena. Tone halikuanguka.
Mtoto nyuma yangu akauliza, "Haimuumi?"
Mama yake akajibu, "Hao wamezoea."
Nilitaka kugeuka nimjibu.
Sikugeuka. Fundo lilikuwa na haja na macho yangu.

Saa nne nikamfungua, uzi kwa uzi,
kichwa chake pajani mwangu, na sasa ndipo alipolia,
kama mtoto anayengoja mgeni aondoke.
Zilizokatika nikazikusanya kwenye kipande cha gazeti:
kumi na saba, nilizihesabu mara mbili.
"Zifukie kwako," akaniambia.
"Sisi kila wiki tuna kwetu kwengine."

Asubuhi hema halipo,
majani ya uwanja yamelala duara.
Nimezifukia nyuma ya jiko, penye mchaichai.

Leo mjukuu kaja, anataka mabutu ya Idi.
"Bibi, usikaze."
Sikazi, mwanangu, sikazi.
Na vidole, vyenyewe tu,
vinatafuta pete.